Picha Nyekundu Si Uongo, Lakini Zataka Mwangaza

Kuna ubishi usiokwisha miongoni mwetu sisi ambao bado twatumia kamera za filamu. Ubishi wenyewe wahusu picha nyekundu, yaani zile zipigwazo kwa filamu ya rangi iliyogeuzwa nyuma mbele. Wako wasemao kwamba picha hizo ni uongo mtupu, kwa kuwa mbingu haina rangi ya damu wala bahari haina rangi ya chungwa. Wengine nao huzisifu kupita kiasi, wakidai kwamba utamu wake ni kutojua kitakachotokea: tia filamu, piga, kisha ungojee bahati. Mimi sikubaliani na upande wowote.

Kwanza yafaa ieleweke jinsi filamu ilivyo. Filamu ya rangi ni ukanda wa plastiki uliopakwa tabaka nyembamba za dawa. Tabaka la juu hupokea mwanga wa buluu. Chini yake pana chujio la manjano, kisha tabaka la kijani, na la mwisho ni la nyekundu. Mpiga picha huingia gizani, akaitoa filamu katika mkebe wake na kuizungusha upya katika mkebe mwingine, mgongo wake ukielekea lenzi. Hapo safari ya mwanga hugeuka. Hupenya plastiki kwanza, hukutana na tabaka la nyekundu, halafu la kijani, na mwanga wa buluu huzuiwa na lile chujio kabla ya kufika kwake. Ndiyo sababu picha hujaa wekundu, rangi ya chungwa na manjano. Hapana uchawi wowote hapo.

Sasa, kwa wale wanaolia uongo, nawauliza: ni filamu gani iliyopata kusema kweli tupu? Kwa miaka mingi kampuni ya Kodak iliwapelekea wasafishaji picha kadi yenye sura ya mwanamke wa Kizungu, iliyojulikana kwa jina la Shirley, ili rangi zipimwe kwa ngozi yake. Sisi wenye ngozi nyeusi mara nyingi tulitokea kama makaa, meno na macho tu yakionekana. Ilikuwa miaka ya 1990 ndipo ikatolewa kadi yenye wanawake wa rangi mbalimbali. Kila mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Ikiwa rangi zilizoitwa za kweli zilichaguliwa na watu kwa faida yao, basi mpiga picha wa Mombasa au Kisumu naye ana haki ya kuchagua zake, mradi asimfiche mtazamaji alichokifanya.

Lakini haki hiyo ina wajibu wake, na hapa ndipo ninapogombana na wapenzi wa bahati. Mwanga unaopitia mgongo wa filamu hupungua sana njiani. Anayeipiga filamu hiyo kama ya kawaida hupata picha za giza, nyekundu kama tope, zisizo na sura ya mtu wala mti. Filamu ya ISO 200 yafaa ipimwe kama ya ISO 50, yaani ipewe mwanga mara nne.

Tuchukue mfano wa jua kali la saa sita. Filamu hiyo ikiwa haijageuzwa, ungepiga kwa f/16 na mwendo wa 1/250. Ikigeuzwa, ukifungua mpaka f/11 utapata wekundu mzito. Kwa f/8 utapata rangi ya chungwa iliyo safi, na kwa f/5.6 picha itaelekea manjano, na huenda kijani kidogo kikachungulia. Kitu kile kile, filamu ile ile, lakini picha tatu mbalimbali. Ni nani aliyechagua? Akiwa ni mpiga picha, hiyo ni sanaa yake. Ikiwa ni bahati, picha hiyo haina mwenyewe.

Yako pia mambo madogo ya kukumbuka. Picha hutokea kama katika kioo, maandishi ya matatu yakisomeka kinyume, kwa hiyo mwambie msafishaji aigeuze. Dawa ni zile zile za filamu za rangi za kila siku, zijulikanazo kama C-41. Mwonye tu asirekebishe rangi, maana akifanya hivyo atafuta kazi yako yote.

Filamu si rahisi siku hizi, na mkebe mmoja una picha 36 tu. Shime basi, wapiga picha! Chukueni daftari, andikeni kipimo cha kila picha, na picha zikisafishwa mlinganishe. Atakayefanya hivyo ataweza kumjibu yeyote amwulizaye kwa nini mbingu yake ni nyekundu: ni nyekundu kwa sababu nilitaka iwe hivyo.