Mimba za mapema: Mtaa nao hulea

Msomaji, hivi majuzi mama mmoja aliniletea bintiye wa miaka 16 akilalamika kwamba hutapika kila asubuhi. Tulipompima mkojo, tulipata ana mimba. Mama alilia, kisha akasema maneno ambayo nimeyasikia mara nyingi: "Daktari, huyu nimemlea vizuri. Ni tabia yake tu."

Sikubaliani naye. Ni kweli kwamba mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, lakini mtaa nao hulea.

Utafiti wa kitaifa kuhusu idadi ya watu na afya wa mwaka wa 2022 ulionyesha kuwa kati ya wasichana 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 19 nchini, 15 walikuwa wamewahi kupata mimba. Katika familia maskini zaidi walikuwa 21. Katika zile tajiri zaidi walikuwa 8. Samburu walikuwa 50, Nyeri 5. Je, utaniambia wazazi wa Nyeri wanajua kulea mara kumi kuliko wa Samburu?

Hapa Nairobi, Mathare na Muthaiga zimetenganishwa na Barabara ya Thika. Upande mmoja msichana ana chumba chake na karo yake imelipwa. Upande wa pili familia nzima hulala chumba kimoja, na choo ni cha ploti nzima, gizani. Akikosa pesa za sodo au nauli, hakosi mwanamume mzima wa kumpa, na mwanamume huyo atadai malipo yake baadaye.

Usidhani vijana wa mitaa ya kifahari ni malaika. Tofauti ni kuwa wao wanajua pa kupata ushauri na dawa za kupanga uzazi, na wanaona chuo kikuu mbele yao. Asiyeona lolote mbele yake haogopi kulipoteza.

Na hatari ni kubwa. Msichana ambaye nyonga zake hazijakomaa anaweza kukwama akijifungua, akabaki na fistula na kuvuja mkojo. Anaweza kupatwa na kifafa cha mimba, au azae mtoto mwenye uzani wa chini ya kilo 2.5. Akiacha shule, umaskini ule ule humngojea mtoto wake.

Tufanye nini? Kwanza, mzazi, mpeleke kliniki mapema badala ya kumficha kwa nyanya yake mashambani. Pili, mrudishe shuleni. Sera ya serikali ya tangu 1994, pamoja na mwongozo wa 2020, zinampa nafasi ya kurudi darasani baada ya kujifungua. Tatu, mwanamume mzima aliyempa mimba mtoto wa chini ya miaka 18 amevunja Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006. Mripoti kwa polisi, usikubali mbuzi wala pesa za kukunyamazisha.

Nne, mwakilishi wa wadi akija kuomba kura, muulize kuhusu taa za mtaani, vyoo, basari na kliniki ambayo vijana wanaweza kuingia bila kuaibishwa. Hizo nazo ni dawa za mimba za mapema.

Yule mama nilimweleza hayo hayo. Juma lililofuata alirudi na bintiye kuanza kliniki.