Ringi Mpya, Beringi Kuukuu



Wapendwa wasomaji wetu, wiki hii tunaomba ruhusa ya kuzungumza juu ya injini. Wapo watakaoona kwamba hapa si mahali pake, na kwamba padre angefanya vema kubaki na mambo ya altare. Lakini parokia iliyo Tunduma isiyotamka habari za malori ingekuwa sawa na parokia ya kando ya ziwa isiyotamka habari za nyavu, na Bwana wetu hakuona haya kuzungumza habari za nyavu.

Jumanne jioni tulikaa katika gereji moja nyuma ya barabara kuu, tukingoja kuonyeshwa mabaki ya injini ya gari la parokia. Vijana wanaojifunza ufundi walikuwa wameizunguka simu moja, wakitazama mashindano ya magari ya Marekani. Magari mawili yalisimama sambamba, taa ya kijani ikawaka, na kabla hatujajua la kutazama mbio zikawa zimekwisha. Kijana mmoja akatugeukia, akauliza: "Padre, injini hii wanaivunja yote kila baada ya mbio moja. Sasa huo si ubovu?" Fundi wao akajibu kabla yetu, bila kuinua kichwa: "Ubovu ni kutoivunja."

Tumelibeba jibu hilo wiki nzima.

Mbio zile kwa asili ni za robo maili, yaani kama mita 402, katika mstari ulionyooka. Magari ya daraja la juu kabisa, yaitwayo Top Fuel, yalipunguziwa umbali hadi futi 1,000, kama mita 305, mwaka 2008, baada ya dereva Scott Kalitta kufariki katika ajali mjini Englishtown, New Jersey. Injini yake ina ujazo wa lita 8 na kidogo, na mpango wake unatokana na ile Hemi ya Chrysler ya mwaka 1964, ambayo ilitiwa pia katika magari ya kawaida ya enzi zile, yale ambayo leo wenye fedha huyatunza kama vitu vya kale. Hunyweshwa nitromethani badala ya petroli, na kazi yake yote huisha katika sekunde zisizofika nne. Kisha mafundi huifungua: pistoni, konrodi, beringi, kila kimoja hutolewa, hutazamwa na kubadilishwa ikibidi, na injini hufungwa tena kwa ajili ya mbio inayofuata ya siku ileile. Hatuzisifu mbio hizo. Gharama yake inatutia kizunguzungu. Ila jambo moja twalikubali: watu wale hawangoji moshi ndipo waamini kwamba chuma kimechoka.

Sisi wa huku tunangoja moshi.

Mji huu umekua pamoja na malori. Rhodesia ya Kusini ilipojitangazia uhuru wake tarehe 11 Novemba 1965, na Zambia ikafungiwa njia ya mafuta iliyopita kusini, mapipa ya mafuta yalianza kupita hapa yakitoka Dar es Salaam, juu ya barabara ambayo wakati huo ilikuwa vumbi na matope kwa sehemu kubwa. Bomba la TAZAMA lilikamilika mwaka 1968, na reli ya TAZARA ikafuata katika miaka ya sabini. Malori hata hivyo hayakuondoka, na mafundi nao hawakuondoka. Kituo cha pamoja cha forodha cha Tunduma na Nakonde kilizinduliwa mwaka 2019, lakini hata leo mwenye kutaka kuona idadi ya injini zinazotegemea mikono ya vijana wetu na asimame tu barabarani, toka mpakani kuelekea Mpemba.

Sasa, kufanya ovahoo maana yake nini? Tuliomba tufundishwe, nasi tunawaeleza kama tulivyoelewa. Pistoni hupanda na kushuka ndani ya silinda, na kwa kuwa konrodi huisukuma kwa pembeni, silinda hailiki sawasawa pande zote. Iliyozaliwa mviringo hugeuka taratibu kuwa na umbo la yai, kwa kiasi ambacho jicho halikioni. Maikromita hukiona, kwa maana hapa kinachohesabiwa ni sehemu za mia za milimita. Ringi za pistoni, ambazo kazi yake ni kuziba, hazizibi tena. Mgandamizo hupungua, oili hupanda juu na kuungua, na gari hutoa moshi wa buluu. Hapo fundi mwaminifu husema: tuifungue yote, tupime, silinda zitobolewe upya ziwe mviringo, tutie pistoni za saizi kubwa zaidi, krenki ipelekwe kwenye mashine ikachongwe, tutie beringi mpya, na hedi ikaguliwe isije ikawa imepinda. Naye mwenye gari husema: "Weka ringi tu, gari iende."

Maneno hayo, wapendwa, tuliyasema sisi.

Gari la parokia ni Land Cruiser yenye injini ya 1HZ, silinda sita, dizeli, ile ambayo kila mmisionari na kila daktari wa wilaya anaijua kwa mlio wake. Lilianza kula oili mwaka jana. Fundi alitueleza yote tuliyoyaandika hapo juu, akataja gharama. Halmashauri ya fedha ikakaa, na sisi tukiwa mwenyekiti wake tukasema kwamba kanisa ni la maskini, fedha hakuna, na fundi naye ni Mkristo, atatusaidia. Tukampa chini ya nusu ya alichoomba. Alikataa mara mbili. Mara ya tatu alikubali, kwa sababu aliyemwomba alikuwa Baba Paroko, na katika mji huu kijana aliyebatizwa hajui namna ya kumkatalia Baba Paroko mara tatu. Akatia ringi mpya. Beringi za krenki akazirudisha zilezile.

Gari likapata nguvu, moshi ukapungua, nasi tukamtania mbele ya watu kwamba kumbe ilikuwa rahisi.

Miezi minne baadaye katekista wa kigango kimoja upande wa Momba alipiga simu saa tatu usiku. Mama mzee alikuwa katika hali mbaya na aliomba Mpako wa Wagonjwa. Tukaondoka mara moja. Tulipokuwa katikati ya njia, kwenye mteremko wenye giza, taa ya oili ikawaka, ukasikika mgongo mmoja wa chuma, kisha mwingine, kisha mfululizo: injini ilikuwa imenoki. Kabla hatujafika bondeni ikakwama. Tulitembea hadi tulipopata pikipiki, tukafika kwa mgonjwa saa tisa usiku. Alikuwa amekwisha kuaga dunia. Katekista alikuwa amesali naye hadi dakika ya mwisho, na kwa hilo tunamshukuru Mungu kuliko tunavyoweza kuandika. Hakuna aliyetulaumu. Watoto wake walitupikia chai.

Fundi alipoifungua alitueleza sababu kwa upole ambao ulituuma zaidi. Ringi mpya ziliongeza mgandamizo, na mzigo ule ulioongezeka uliangukia beringi zilizokwisha choka. Mojawapo ikazunguka mahali pake, ikaziba njia ya oili, na basi. Kiungo kipya kilikivunja cha zamani. Tumehubiri mara nyingi juu ya ule mfano wa Injili ya Marko, sura ya 2, wa kiraka kipya kilichoshonwa juu ya vazi kuukuu, tukaufafanua kwa Kiyunani na kwa mapokeo ya Mababa wa Kanisa. Hatukuwahi kuuelewa hadi tulipoonyeshwa kipande cha beringi kilichokwaruzwa juu ya meza yenye grisi.

Basi tunalotaka kulisema leo ni hili. Watu wengi wa mji wetu, inapotokea ajali kwenye mteremko wa Senjele au penginepo, huwa tayari kumlaumu dereva, na wa pili kulaumiwa ni fundi. Hatusemi kwamba mafundi wote ni malaika. Wapo wanaoosha injini mbovu, wakaipiga rangi ya fedha na kuiuza kama iliyofufuliwa, na tunaomba waisome Katekisimu ya Kanisa Katoliki namba 2409, ambapo kazi iliyofanywa vibaya imewekwa miongoni mwa makosa dhidi ya amri ya saba, katika orodha moja na kughushi hundi. Lakini kazi mbovu mara nyingi huanzia katika mdomo wa mwenye gari, siku ya kupatana bei. Tajiri mwenye malori matano asemapo "weka ringi tu" anajua anachokinunua. Kisha asubuhi yake analipakia lori tani zote, ilhali injini iliyofungwa upya hustahili kuzoeshwa taratibu kwa mzigo mwepesi.

Atajibu kwamba fundi alikubali mwenyewe. Jibu hilo lilikwisha kukataliwa mwaka 1891, Papa Leo XIII alipofundisha katika waraka wa Rerum Novarum kwamba makubaliano peke yake hayaufanyi ujira kuwa wa haki, ikiwa mfanyakazi amekubali kwa kubanwa na shida. Fundi wetu hakubanwa na njaa. Alibanwa na heshima, na aliyeitumia heshima hiyo kama koleo ni sisi. Tumemwomba radhi mbele ya halmashauri ileile.

Hapo ndipo tulipo sasa. Baadhi ya waamini, kwa mapendo, wanapendekeza tufanye harambee tununue gari jingine, wakisema kwamba injini iliyonoki imelaaniwa. La hasha. Chuma hakilaaniwi. Wazee wetu wanaokumbuka Safari Rally watamkumbuka Joginder Singh wa Kenya, aliyejifunza ufundi katika gereji ya baba yake. Mwaka 1965 yeye na ndugu yake Jaswant waliyashinda mashindano yale kwa Volvo PV544 iliyokwisha tumika, ambayo wengine wangeiona ya kutupwa. Aliijua kila nati kwa kuwa aliifungua mwenyewe. Akashinda tena mwaka 1974 na 1976, safari hizo akiendesha Mitsubishi Colt Lancer. Injini iliyofunguliwa yote, ikapimwa na kufungwa kwa haki, haina aibu yoyote mbele ya mpya. Na wapo waamini wanaojiona kuwa wamekwisha haribika, wasiokaribia kiti cha maungamo kwa miaka, ambao tungependa waipitie gereji hiyo jioni moja.

Kwa hiyo maoni yetu, ambayo halmashauri itayajadili baada ya Misa ya pili Dominika ijayo, ni kwamba gari lifufuliwe, na kwamba fundi alipwe kwanza ile nusu tuliyomdhulumu mwaka jana, kabla ya kununua hata gasketi moja. Wapo watakaosema kwamba tunalipa mara mbili. Ndivyo ilivyo. Yule mjenzi wa mnara katika Luka sura ya 14 alichekwa kwa sababu hakuketi kuhesabu gharama, nasi hatuoni kwa nini paroko asichekwe kidogo.

Tulipomwuliza fundi sasa anataka kiasi gani, alikataa kutaja. Alisema krenki iende Mbeya kwanza ikapimwe, kwa sababu huenda imekwaruzika kupita kiasi cha kuchongwa, na kwamba hatasema bei ya kitu ambacho hajakipima. Tukamwambia tuna haraka, vigango vinangoja. Akatutazama, akafuta mikono kwa kitambaa, akasema: "Padre, mara hii utangoja." Krenki ilipakiwa kwenye basi la Alhamisi asubuhi. Hadi tunapoandika haya haijarudi, na vigangoni tunakwenda kwa pikipiki.