Mbosso hana haraka, na mimi nimechoka kukimbia

Haya wanangu, leo niacheni niongee kidogo. Najua mwasema "Room Number 3" ya Mbosso ni kitu cha kitambo, ilitoka 2025, na TikTok ishahamia kwengine. Mimi bado naisikiza, na jana kwa feri ndio nimeelewa kwa nini.

Tulikuwa tunavuka kwenda Likoni, jua la saa saba, watu wamebanana na mikokoteni. Kijana nyuma yangu ana kispika kidogo, akaweka "Pawa". Hakuna aliyeruka. Mama mmoja mwenye kikapu akaanza kutikisa kichwa pole pole, macho baharini. Mwenye mkokoteni naye akaanza. Mpaka tunashuka, hakuna aliyemwambia yule kijana apunguze sauti. Na mwajua watu wa feri saa saba walivyo.

Sasa kuna wasee hunambia ati Mbosso ni mwepesi mno, hana jipya, anaimba kama mtu aliyetoka kulala. Mimi nasema ule wepesi ni kazi ngumu.

Angalieni alikotoka. Mtu wa Kibiti, kule Pwani ya Tanzania. Tulimjua Yamoto Band, na Aslay, Beka Flavour na Enock Bella, vijana wadogo wa Mkubwa na Wanawe pale Temeke. Bendi ikavunjika. 2018 akaingia WCB ya Diamond, 2021 akatoa albamu yake "Definition of Love". Humo ndani kuna "Baikoko" na Diamond mwenyewe, kwa hivyo msiniambie hajui kuchangamsha watu. Akitaka anaweza.

Halafu 2025 akatoka WCB. Fikiria wewe. Umekaa miaka saba chini ya mwavuli mkubwa, sasa uko peke yako na kila mtu angoja uanguke. Harmonize alipotoka 2019 tulisikia maneno mpaka masikio yakachoka. Mimi nilidhani Mbosso naye atakuja na biti za kupasua spika na vijembe juu yake. Akaja na nyimbo saba, ametulia kama mtu aliyekaa barazani kwao na kikombe cha kahawa. Anavuta neno taratibu, analipamba kidogo kama watu wa taarab, analiwacha. Hata ukizima biti, Kiswahili chake chasimama chenyewe. Kuimba hivyo wakati roho yadunda si mchezo.

Siwadanganyi, kuna vitu vinanikera. Mapenzi yamejaa kila kona. Mtu amepitia bendi kuvunjika na lebo kubwa, nami nataka kusikia hiyo hadithi pia. Na ukiziskiza zote saba mfululizo, kuna mahali zinashikana, hujui hii imeisha saa ngapi ile imeanza. Lakini sijazifuta kwa simu, na mimi hufuta vitu ovyo.

Sasa niwaambie kwa nini hii imenigusa. Niliacha chuo mwaka wa pili, karo ilishinda, kwa hivyo hii simu ndiyo ofisi yangu. Kuna kampuni moja ilinipa kazi, tangazo la sekunde 30. Nikarekodi vile naongea hapa Kisauni. Wakanirudishia: changamka, hiyo lafudhi inalaza watu. Nikarekodi tena kwa Sheng ya kuazima, mikono juu, makelele kama makanga ametoroshewa abiria. Wakalipa, na kodi ya nyumba ikatoka hapo, kwa hivyo sitajifanya sikuitaka hiyo pesa.

Nikamuonyesha mama video. Akaitazama mpaka mwisho, akaniuliza, "Mwanangu, na huyu ni nani?"

Hakuwa anatania.

Mama yangu huamka saa kumi alfajiri kupika mahamri. Saa kumi na mbili meza yake iko nje, na hajawahi kumpigia mteja kelele. Amwambia mtu "karibu baba, ya moto haya", sauti ile ile ya kila siku, na kufika saa tatu sinia ni tupu. Halafu mtu akae huko aniambie sisi wa Pwani ni wavivu kwa sababu twaongea pole pole. Na mimi, mtoto wake, nikakubali kwa sekunde 30.

Ndio maana nasema tuache kumpima msanii wetu kwa jasho linaloonekana. Mara ngapi tumemsifu mtu kwa sababu alipiga kelele, wiki mbili baadaye hata jina la wimbo hatulikumbuki? "Pawa" ilifika feri bila kusukumwa na mtu.

Wiki hii ile kampuni imenitafuta tena. Safari hii nitawapelekea video moja tu, kwa lafudhi ya hapa hapa, bila mikono hewani. Wakikataa, mwezi huu nyumbani tutabanana, na mama nimeshamwambia. Alichojibu ni, "Basi kesho uamke saa kumi, unisaidie kukanda unga."

Naogopa, sikatai. Lakini video nishairekodi, na nimeituma.