Pikipiki Kuukuu Ikitikisa Usukani, Isikilize



Katika ukurasa wa afya tumezoea kuzungumza juu ya maji safi, vyoo, vyandarua na chakula cha watoto. Leo tuzungumze juu ya pikipiki. Usishangae. Mguu uliovunjika ni jambo la afya. Kichwa kilichopasuka ni jambo la afya. Pikipiki kuukuu inayotikisa usukani inaweza kuleta yote mawili kwa siku moja.

Nitaanza na kosa langu mwenyewe. Nilikuwa na pikipiki kuukuu. Nilipoinunua ilikuwa imekwisha kupita mikononi mwa watu watatu. Nilimpa mpwa wangu aiendeshe, abebe mizigo na abiria. Siku moja aliniambia, "Mjomba, nikiteremka kwenda mtoni usukani unatetemeka." Nikamwuliza, "Injini inawaka?" Akajibu, "Inawaka." Nikamwambia, "Basi endelea na kazi."

Wiki haikuisha. Siku ya soko alikuwa akiteremka mbio na magunia mawili ya mahindi nyuma. Usukani ukaanza kucheza kulia na kushoto, upesi upesi. Akakaza mikono kwa nguvu zake zote na kubana breki ya mbele. Pikipiki ikamtupa chini. Alivunjika paja. Alilala hospitali wiki nyingi, na msimu wa kulima ukampita.

Watu walisema pale mtoni pana shetani. Lakini fundi alipofungua shingo ya usukani alikuta gololi zimelika, na vikombe vinavyozishika vimeingia vishimo. Hapakuwa na shetani. Palikuwa na ubahili wangu. Bei ya gololi zile ilikuwa ndogo kuliko nauli tuliyolipa kumfikisha hospitali.

Je, kwa nini usukani hutikisika? Tazama gurudumu la mbele la pikipiki. Limewekwa kwa namna ya pekee. Likisukumwa pembeni na jiwe au shimo, hurudi lenyewe katikati. Hiyo ni kazi nzuri. Lakini likirudi kwa kasi hupita katikati na kwenda upande wa pili. Halafu hurudi tena. Katika pikipiki nzima mchezo huo hufa mara moja, wala dereva hauoni. Katika pikipiki iliyolegea mchezo haufi. Unakua. Ni kama mtoto kwenye bembea: ukimsukuma kidogo kila anaporudi, anakwenda juu zaidi na zaidi.

Mitikisiko iko ya namna mbili. Wa kwanza ni wa usukani. Huu ni wa haraka sana, mara 4 hadi 10 kwa sekunde moja. Wa pili ni wa chombo kizima. Pikipiki huyumba mwili wote, nyuma ikipepea kama mkia wa samaki. Huu ni wa polepole, mara 2 au 3 kwa sekunde, na mara nyingi huja katika mwendo mkali zaidi. Yote miwili inaweza kuua.

Ugonjwa huu haukuanzia kijijini kwetu. Zamani hata pikipiki mpya ziliugua. Mwaka 1969 kiwanda cha Kawasaki cha Japani kilitoa pikipiki iliyoitwa H1. Injini yake ilikuwa ya cc 500, yenye nguvu za farasi 60. Ilikimbia zaidi ya kilometa 180 kwa saa. Ilipata sifa kubwa ya mbio, na pia sifa mbaya ya kuyumba, kwa kuwa fremu haikulingana na injini. Ni kama kumfunga maksai mwenye nguvu kwenye mkokoteni wa mianzi.

Pikipiki nyingi za Uingereza za zamani zilikuwa na kirungu cha kukaza juu ya usukani. Dereva alikikaza ili kupunguza mtikisiko. Kifaa hicho kina faida yake. Lakini hakiponyi gololi zilizolika. Ni kama kumeza aspirini wakati una malaria. Maumivu yanapungua, ugonjwa unabaki.

Wewe utasema, "Pikipiki yangu ni ndogo, haifiki mwendo huo." Ni kweli. Lakini pikipiki ndogo iliyolika, yenye mzigo mkubwa nyuma, inaweza kuanza kutikisika hata kwa kilometa 60 au 70 kwa saa. Mzigo ukikaa nyuma ya ekseli ya gurudumu la nyuma, huinua sehemu ya mbele. Gurudumu la mbele linakuwa jepesi na halishiki barabara vizuri. Mzigo ukiwa mrefu kwenda juu, hatari inazidi.

Basi tuikague pikipiki, kama vile tunavyompima mtoto kliniki. Kazi hii haihitaji elimu kubwa.

Kwanza, isimamishe kwenye stendi kubwa, mwenzako akandamize nyuma ili gurudumu la mbele liwe hewani. Shika miguu ya mbele chini, karibu na ekseli. Vuta na sukuma. Ukisikia inagonga, shingo ya usukani imelegea. Kisha geuza usukani polepole, kulia na kushoto. Ukiona unakwama katikati, gololi au vikombe vimelika. Hapo kukaza nati hakutoshi. Badilisha. Wala usikaze kupita kiasi, maana usukani mzito nao huyumbisha pikipiki.

Pili, shika gurudumu la nyuma ulisukume kulia na kushoto. Likicheza, bushi au beringi zimekwisha.

Tatu, zungusha kila gurudumu ulitazame. Lisiende upogo. Gonga spoki moja moja kwa spana ndogo. Spoki iliyolegea haitoi mlio mzuri kama wenzake.

Nne, tazama tairi. Tairi lililolika, lililopasuka au lisilo na upepo wa kutosha linayumbisha chombo. Pima upepo asubuhi kabla ya safari, tairi likiwa bado la baridi.

Tano, tazama alama za kukazia mnyororo. Upande wa kulia na wa kushoto ziwe sawa. Zisipokuwa sawa, gurudumu la nyuma halifuati la mbele.

Na kama mtikisiko umekwisha kuanza njiani, dereva afanye nini? Asibane breki kwa ghafla. Asipigane na usukani. Aushike barabara, lakini bila kukakamaa mikono. Alibane tangi kwa magoti. Ainame na kusogeza mwili mbele. Apunguze mafuta taratibu mpaka mwendo ushuke. Mtikisiko utapungua pamoja na mwendo. Kisha asimame pembeni, ashushe mzigo, atafute sababu. Asiseme, "Umekwisha, twende." Haujaisha. Umelala tu.

Na kofia ngumu ivaliwe, na dereva na abiria, ikiwa imefungwa kidevuni. Madaktari waliokusanya uchunguzi wa nchi mbalimbali walieleza mwaka 2008 kwamba kofia hupunguza hatari ya kufa kwa wapanda pikipiki wanaoanguka kwa kiasi cha 42 kwa mia. Hatari ya kuumia kichwa hupungua kwa kiasi cha 69 kwa mia. Kofia haizuii usukani kutikisika. Inakulinda pale unapokuwa umekwisha kuanguka.

Sasa nina neno kwa wenye pikipiki. Mara nyingi aendeshaye si mwenye chombo. Mwenye chombo yuko nyumbani, anangoja hesabu ya jioni. Kijana akisema chombo kinatikisika, tunamwona mvivu. Akisimama siku moja kwa fundi, tunadai hesabu ya siku hiyo. Kwa hiyo kijana ananyamaza na kuendelea kupanda. Nyuma yake amekaa mama mjamzito anayekwenda zahanati. Mama huyo hajui habari za gololi. Ametuamini.

Kwa maoni yangu, hilo si jambo la bahati mbaya. Anayejua kwamba chombo chake ni kibovu na bado akampa kijana, ana sehemu yake katika ajali. Mimi nilikuwa na sehemu yangu. Mpwa wangu hakunilaumu hata siku moja, na hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Kwa hiyo tukubaliane. Siku ya fundi isidaiwe hesabu. Dereva akisema usukani unatikisika, chombo kisitoke mpaka kikaguliwe. Na abiria akiuona usukani unatetemeka, awe na haki ya kusema, "Punguza mwendo, mwanangu," asichekwe.

Pikipiki kuukuu si mbaya kwa sababu ya umri wake. Ziko zilizozeeka na bado zinatembea salama, kwa kuwa wenyewe wanazitunza. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Leo jioni, kabla ya giza, iweke pikipiki yako kwenye stendi. Shika miguu ya mbele. Vuta, sukuma, sikiliza.