Mbu wa maji ya chumvi na dramu za Kisauni

Jumapili iliyopita jirani yangu hapa Kisauni, mama mtu mzima, alinishika mkono tukitoka dukani. "Mwanangu, wewe waandika gazetini, hebu nambie. Tulisomeshwa kuwa mbu wa malaria ataka maji matamu. Mbona ndugu yangu akaa kando ya mikoko, vidimbwi vyote vya chumvi, na mbu wamemjaa?"

Mama hakukosea, wasomaji wapenzi. Mbu tunaowaita wa malaria si namna moja. Katika ukoo wa Anopheles gambiae wamo ndugu wanaofanana hata mtaalamu mwenye darubini hubabaika. Mmoja, Anopheles merus, huishi pwani yetu na hutaga katika maji ya chumvi ambayo yangewaua watoto wa ndugu zake. Miaka ya 1960 watafiti walijaribu kuwaozesha ndugu hao. Watoto wa kiume wakazaliwa tasa! Ikajulikana kuwa hizo ni jamii mbalimbali.

Inakuwaje? Chukua uzi wa shanga, kata kipande cha katikati, kigeuze nyuma mbele, kisha kifunge tena. Shanga ni zile zile, mpango umebadilika. Kromosomu za mbu, zile nyuzi zinazobeba urithi, hugeuka hivyohivyo. Katika Anopheles gambiae, kipande kimoja cha namna hiyo huonekana zaidi kwa mbu wa nyika kavu kuliko wa penye unyevu. Si kwamba mbu amejifunza. Asiyekuwa nacho hukauka akafa, aliye nacho huzaa.

Lakini anayenikosesha usingizi mimi si huyo wa mikoko. Ni Anopheles stephensi, mgeni kutoka Asia aliyezoea miji. Alionekana Djibouti mwaka 2012, Ethiopia 2016, na mwaka 2022 akanaswa huku kwetu Kenya, Marsabit. Huyu hutaga kwenye matangi, mitungi na dramu. Sasa niambieni, ni nyumba gani ya Likoni, Changamwe au Kisauni isiyoweka maji? Mfereji ukikauka twangoja mkokoteni, na maji tuliyonunua kwa pesa hatuyamwagi. (Mimi ninazo dramu mbili, na moja, naona haya kusema, haina kifuniko.) Tena huanza kuuma jioni, tukiwa bado barazani, hata chandarua hatujakifungua.

Yai la mbu huchukua kama siku saba hadi kumi kuwa mbu arukaye. Kwa hiyo dramu isuguliwe kuta kila juma, maji yakipungua, kisha ifunikwe pasibaki upenyo. Na mtoto akipata homa apelekwe akapimwe damu, msikisie.

"Nifunike na nini, na mfuniko ni ghali?" akauliza mama.

Nikamwambia leso kuukuu, ikazwe kwa mpira wa baiskeli. Alicheka, akasema leso anazo, mpira atamnyang'anya mjukuu.