Kugawa na kuunganisha shule za msingi mijini



Katika miji ya Tanzania, shule ya msingi iliyoelemewa na wanafunzi mara nyingi haifungwi, hugawanywa. Waraka wa Elimu Na. 5 wa 2015 ulipofuta ada na michango ya lazima, uandikishaji wa Januari 2016 ulizidi uwezo wa madarasa yaliyokuwapo. Kiwango kinachotakiwa ni wanafunzi 45 kwa chumba, na tundu moja la choo kwa wasichana 20 au wavulana 25.

Katika kata kama Pasiansi, Manispaa ya Ilemela, ardhi imebanwa na makazi na vilima vya mawe. Kwenye mazingira hayo, shule mpya mara nyingi husajiliwa ndani ya uwanja wa ile ya zamani: walimu wakuu wawili, kengele mbili, geti moja, vyoo vilevile.

Mgawanyo hurahisisha usimamizi, lakini hauongezi dawati hata moja. Ruzuku ya uendeshaji hufuata idadi ya wanafunzi, hivyo jumla hubaki ileile huku ofisi zikiwa mbili. Kuziunganisha tena shule hizo hupunguza ofisi, si msongamano.

Nafasi itatoka kwingine: Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, toleo la 2023, inaifanya elimu ya msingi kuwa ya miaka sita. Kwa hiyo, mwaka 2027 darasa la sita na la saba yatamaliza pamoja. Shule za msingi zitapata nafasi. Sekondari zitapokea mikupuo miwili mwaka 2028. Halmashauri zinapaswa kupanga mapema matumizi ya vyumba vitakavyobaki wazi, kabla ya kusajili shule nyingine.

Msomaji,
Pasiansi, Mwanza