Wamegawana Mkate, Mwenye Unga Hakuulizwa



Uchaguzi usiompa mtu ushindi ulio wazi huzaa swali moja: nani aungane na nani? Wakubwa hulijibu swali hilo milango ikiwa imefungwa. Sisi wa Olenguruone tunauliza jingine: mpiga kura aliulizwa na nani?

Gharama ya kutoungana twaijua. Mwaka 1992 FORD ilipasuka, na upinzani ukaenda debeni na wagombea watatu wakuu: Matiba, Kibaki na Odinga. Zaidi ya asilimia 60 ya wapiga kura waliikataa KANU, lakini Rais Moi akarudi Ikulu kwa asilimia 36 hivi. Mwaka huo huo nyumba zilichomwa hapa Olenguruone na Molo, na Askofu Ndingi Mwana a'Nzeki wa Nakuru akawa miongoni mwa waliothubutu kuyakemea maovu hayo hadharani. Kwa hiyo hatusemi kwamba muungano ni dhambi. Twasema kwamba muungano una mwenyewe, na mwenyewe ni mwananchi.

Tazameni uchaguzi wa 2007. Tume ya Jaji Kriegler ilisema haikuwezekana kujua kwa hakika nani alishinda urais. Bungeni, ODM ilipata viti 99 na PNU 43 kati ya 210. Hakuna aliyefika nusu. Zaidi ya watu 1,100 waliuawa, na Kuresoi ilikuwa imeanza kuwaka hata kabla ya kura kupigwa. Mapatano ya Februari 28, 2008, chini ya usuluhishi wa Kofi Annan, yaliokoa maisha. Anayeyabeza hakulala msituni na watoto.

Lakini baada ya amani kulifuata nini? Kufikia Aprili mawaziri 40 walikuwa wamekwisha kutajwa, huku wakimbizi wa ndani wakiachwa mahemani kwa miaka. Viti vya wakubwa vilikuwa vya haraka. Mashamba ya wanyonge yangeweza kungoja. Wananchi wakaibandika serikali ile jina: nusu mkate. Jina hilo ndilo lililokuwa kura yao ya maoni.

Mbele ya Mfalme Sulemani, mama wa kweli alikuwa radhi kumpoteza mtoto kuliko kumwona akikatwa vipande viwili. Ni kiongozi yupi kwetu aliyewahi kuacha wizara ili mkimbizi mmoja arudi shambani kwake?

Wengine husema siasa ndivyo ilivyo duniani kote. Sivyo. Uingereza nayo, Mei 2010, ilipiga kura na hakuna chama kilichopata wingi wa Bunge. Conservative na Liberal Democrats walizungumza siku tano, wakaungana, na mpango wao ukachapishwa mwezi ule ule. Wananchi wakausoma, wakaupima. Liberal Democrats, walioahidi kupinga nyongeza ya karo za vyuo vikuu, waliiunga mkono serikalini. Uchaguzi wa 2015 ukawateremsha kutoka viti 57 hadi 8. Hati iliyo wazi humpa mwananchi fimbo mkononi.

Kwetu, mapatano ya NARC ya mwaka 2002 yalibaki siri ya wakubwa, na yalipovunjwa mwananchi hakuwa na karatasi ya kuwadai. Machi 2018, na tena Machi 2025, mahasimu wa debeni walipatana baada ya uchaguzi, na waliowapigia kura wakapashwa habari mambo yakiwa yamekwisha.

Basi tunadai matatu. Kwanza, kila chama kitaje kabla ya kura kitakaoungana nao na kitakaowakataa. Pili, kila mapatano yaandikwe kwa Kiswahili, yasomwe makanisani, misikitini na barazani, kabla hayajatiwa sahihi. Tatu, haki ya waliofukuzwa mashambani itangulie ugawaji wa vyeo.

Ndugu Wakristo, msingoje mwongozo kutoka Nairobi. Mgombea atakapokuja kuomba maombi, mwulizeni mbele ya waumini wote: utaungana na nani, kwa masharti gani? Asiyejibu, mwombeeni, lakini kura msimpe. Sisi tuliojenga nyumba zile zile mara mbili na mara tatu hatuna mkate mwingine wa kugawiwa.